Nataka tatuu ya Wamaori, mke wangu haachi kuuliza inasema nini

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, naishi Kisumu, mtaa wa Migosi, na mke na watoto wawili. Kwa muda mrefu nimetamani tatuu kubwa, kutoka begani hadi kwenye kiwiko, ya michoro ya Wamaori wa Nyuzilandi, kwa kuwa napenda na kuheshimu tamaduni za watu. Kwenye simu nimepata picha ya mzee wao mmoja mwenye michoro usoni, na mchoraji mmoja wa Kondele anasema anaweza kuichukua ile ya shavuni akaitandaza begani. Bei ni shilingi 28,000 na nimeshalipa 5,000. Shida ni mke wangu. Kila nikimwonyesha picha anauliza, "Hii inasema nini?" Nikimwambia ni nguvu za shujaa, anauliza shujaa yupi. Nimehamia kochi. Naona ni ushamba tu, na baba yangu ndiye anayempa kichwa. Pasaka alipoonyeshwa ile picha alicheka mbele ya wageni, pengo lake lote nje, na meno ya bandia nilimnunulia kabla ya harusi yetu. Nifanyeje mke wangu anielewe na aniheshimu?
Shujaa wa Migosi

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kochi, mgongo unavyolia asubuhi naujua. Huruma yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimemwona mke mwenye akili na mume aliyekasirishwa na swali.

Mkeo hajakukataza kitu. Rudi kwenye barua yako utafute mahali ulipoandika kwamba amekataa, hutapaona. Umeandika kwamba anauliza. Tena anauliza kile ambacho Mmaori yeyote angekuuliza akikukuta na huo mkono pale Dunga ukila samaki.

Michoro hiyo ya usoni huitwa moko. Mistari yake inaeleza ukoo wa mtu na cheo chake. Zamani haikuchorwa kwa sindano. Fundi alishika kipatasi cha mfupa kiitwacho uhi, akakigonga kwa kijiti, na ngozi ikabaki na mifereji ambayo ungeipapasa kwa kidole. Mwaka 1840, wakuu wa Wamaori walipotia sahihi Mkataba wa Waitangi na Waingereza, baadhi yao walichora sehemu ya moko zao kwenye karatasi, na hiyo ikawa sahihi yao. Sasa hebu fikiria wewe. Shavu uliloliokota kwenye simu ni kitambulisho cha mzee wa watu. Ungefika benki ukamkuta kijana wa Kizungu amechorwa begani nakala ya kitambulisho chako, jina la babu yako na kijiji chenu, halafu akakuambia anaheshimu utamaduni wako, ungempa mkono au ungemwita askari?

Usiniambie ni mambo ya kale. Novemba 2020 Nanaia Mahuta alishika wizara ya mambo ya nje ya Nyuzilandi, mwanamke wa kwanza kuishika, na moko yake iko pale pale kidevuni. Wenyewe wapo, wanaona. Na wana kidonda. Wafanyabiashara wa Kizungu walikuwa wakinunua vichwa vya Wamaori waliokufa, wakilipa kwa bunduki, kwa ajili ya michoro hiyo hiyo, mpaka gavana wa New South Wales, koloni la Waingereza huko Australia, akaipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1831. Wajukuu wa hao Wamaori wakikunja uso wakiona shavu la babu kwenye bega la mtu wa Migosi, usiseme wana roho mbaya.

Mlango lakini haukufungwa kabisa. Wachoraji wa Kimaori wana jina la kazi wanayomchorea mtu asiye wa kwao: kirituhi. Mtindo ni wao, ila haubebi ukoo wa mtu. Mchoraji anakaa na wewe, anakuuliza habari zako, anachora zako. Huyo wako wa Kondele alikuuliza nini zaidi ya 5,000?

Sasa tuje kwa baba yako, maana hapo ndipo barua ilipoanza kuninukia. Umeandika "pengo" kana kwamba mzee alianguka na baiskeli. Mjaluo wa umri wake mwenye pengo la mbele chini hakuanguka. Aling'olewa meno sita, desturi ya Wajaluo iitwayo nak, bila ganzi, akiwa kijana, na kulia kungekuwa aibu ya nyumba nzima. Ndivyo alivyohesabiwa mtu mzima na mtu wa kwao. Wazee wengine watakuongezea kwamba mgonjwa wa pepopunda akikaza taya, uji ulipitia hapo. Wewe hukuuliza. Ulimnunulia meno ya kuifunika alama yake ili picha za harusi zitoke vizuri, na leo unatoa 28,000 kununua ya baba wa mtu mwingine. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nawe mbachao hukuuacha tu, umeufunika kwa plastiki. Nadhani mzee siku ile hakuwa anaicheka tatuu.

Nyanya yangu alikuwa na chale tumboni, safu tatu. Tukienda kuoga mto Yala nilizihesabu kwa kidole, naye alinitajia nani alimchanja, shangazi yake gani alimshika mabega, na kwamba siku hiyo mvua ilinyesha wakajificha chini ya migomba. Ungemwuliza hii inasema nini, angekujibu mpaka jua lizame. Wewe umeulizwa tu ukakimbilia kochi.

Na hili si lako peke yako. Ndoa za siku hizi zimekuwa kama simu. Mume anaweka picha, mke anatakiwa abonyeze moyo mwekundu anyamaze. Akiuliza, hana heshima. Akitaja karo, anarudisha watu nyuma. (Naona barua yenye watoto wawili haikutaja karo hata kwa bahati mbaya, na shule zinafunguliwa karibuni.) Zamani mume alifika nyumbani na ng'ombe, mke akauliza katoka wapi, na swali hilo liliokoa boma zima ng'ombe akiwa wa wizi. Nanyi wanawake mnaocheka hapo, mnaosuka nywele za 7,000 mkamwambia baba watoto ni 2,000, zamu yenu ni wiki ijayo.

Sikukatazi tatuu. Mimi si mchungaji, na wale wa Walawi 19:28 watakuandikia wenyewe. Lakini hilo shavu la mzee liache. Toka kwenye kochi leo, mwambie mkeo swali lake lilikuwa zuri na jibu hukuwa nalo. Jumamosi nendeni wote wawili kwa baba, na watoto, umwombe asimulie siku aliyong'olewa. Hayo meno ya bandia mwulize kama anayataka au huyavaa kwa kukuogopa wewe. Ukitoka huko bado unataka kuchorwa, utakuwa na cha kuchora, na mkeo atakusaidia kuchagua, maana inaonekana yeye ndiye mwenye jicho.

Kabla ya yote, angalia kovu lako la chanjo ya utotoni. Likiwa limevimba na kung'aa, ngozi yako ni ya kuota makovu, na bega ni kati ya sehemu mbaya kabisa za kuijaribu. Kisha mpigie mchoraji umwulize kama hiyo 5,000 inarudi. Mwulize na sindano zake pia: anafungua mpya mbele ya mteja, au anachemsha? Akisema anachemsha, hiyo 5,000 mwachie.