Pasi inaanza shingoni

Mdogo wangu wa Uyole, umeuliza kama unaweza kuwa kiungo mpiga pasi ilhali huna mbio wala mwili. Unaweza kabisa. Xavi, kiungo aliyetwaa Kombe la Dunia akiwa na Hispania mwaka 2010, alikuwa na kimo cha kama sentimita 170 tu, na hakutegemea mbio. Alitegemea shingo: aligeuza kichwa huku na huku kabla mpira haujamfikia, kwa hiyo ulipofika alishajua nani yuko huru. Mwombe mwenzako asimame nyuma yako, anyanyue vidole wakati pasi inakuja, nawe uvitaje kabla hujagusa mpira. Fanya kila siku, hata dakika 10.

Pokea ukiwa umesimama upande, usielekeze uso kwenye goli lako. Mpe mwenzako mpira kwenye mguu ulio mbali na beki. Nguvu ya pasi nayo ina maana kubwa, hasa huku kwetu: mvua ikinyesha, kwenye nyasi mpira unateleza, kwenye tope unakwama, na hapo bora uuinue. Pasi ndefu zitakuja baadaye.

Ukienda kutazama mechi Uwanja wa Sokoine, hapa Mbeya, mwangalie kiungo asiye na mpira.