Jibu: Kwa nini jumla ya watembeleaji kwenye faili hailingani na ya kwenye skrini, na namna ya kuipunguza ripoti kabla ya kuipakua

Kamwene ndugu yetu wa Iringa. Umeeleza kwamba unatunza tovuti ya ushirika wa wakulima wa parachichi, kwamba bodi inataka kila mwezi ripoti ya watu wanaoingia humo, na kwamba unaipakua kutoka Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu watembeleaji wa tovuti, kama faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu) lakini jumla unayoipata kwenye Excel ni kubwa kuliko ile iliyo kwenye skrini. Umeongeza kuwa wajumbe wanalalamikia wingi wa kurasa wasizozielewa. Mimi ninatunza tovuti ya nyumba ya wageni hapa Mbeya tangu mwaka 2019, yenye kurasa za Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, Kimondo cha Mbozi na maua ya Kitulo, na shida hizo mbili nimezipitia zote, kwa hiyo naomba uniruhusu nijibu kwa urefu.

Kwa maelezo yako, naamini faili yako haina kosa lolote. Ulichofanya ni kupakua idadi ya watembeleaji kwa kila siku, kisha ukaijumlisha safuwima nzima, na idadi ya watembeleaji ni hesabu isiyojumlishika. Chukua mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam anayefungua tovuti yenu Jumatatu, akarudi Jumatano kuangalia bei na Ijumaa kuchukua namba ya simu. Kila siku kati ya hizo tatu anahesabiwa mtu mmoja, nawe ukijumlisha unapata watu watatu, ilhali ripoti ya wiki nzima inamtambua kuwa ni yule yule na kumwandika mara moja. Kadiri tovuti inavyopendwa na watu wanaorudi, ndivyo jumla yako inavyozidi kwenda mbali na ukweli. Idadi ya kurasa zilizofunguliwa unaweza kuijumlisha bila wasiwasi, kwa kuwa kila ufunguzi ni tukio linalojitegemea, lakini watembeleaji wa mwezi sharti waombwe kwa kuchagua mwezi mzima, na wa robo mwaka kwa kuchagua miezi mitatu kwa pamoja. Kumbuka pia kwamba kinachotambuliwa kwa kawaida ni kivinjari (programu ya kufungulia tovuti), kupitia kidakuzi, yaani faili ndogo ya utambulisho (cookie) iliyohifadhiwa humo, kwa hiyo mtu anayetumia simu asubuhi na kompyuta ya ofisini jioni huonekana kuwa watu wawili.

Kosa hili lilinigharimu imani ya mwajiri wangu. Nilimpelekea mama mwenye nyumba jumla ya siku 31 nilizozijumlisha mwenyewe, naye akafurahi sana na kuanza kuzungumza na fundi habari za kuongeza vyumba. Mwezi uliofuata nilichukua hesabu ya mwezi mzima kama inavyotakiwa, na ikaonekana kana kwamba wageni wetu wa mtandaoni wametoweka. Akaniuliza tumekosea nini kwa wateja. Ilinibidi nikae naye, daftari la wageni likiwa mezani, nimweleze kwamba hatukupoteza mtu, bali ile hesabu ya kwanza haikuwa hesabu ya watu. Ndiyo maana ninakusihi, kama umekwisha kuwapa wajumbe jumla za namna hiyo, uzipakue upya zote na uwaeleze waziwazi kabla hawajalinganisha miezi.

Kuhusu faili yenyewe, usiifungue kwa kubofya mara mbili. Fungua Excel kwanza, kisha uiingize faili kupitia sehemu ya data, ambako utachagua kuwa mipaka ya safuwima ni alama ya mkato na kwamba herufi ni za mfumo wa UTF-8, ili maandishi yasiharibike. Mistari ya juu inayoanza na alama ya reli (#) inataja jina la ripoti na tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Watu wengi huifuta, ila mimi huiacha, kwa sababu ndiyo ushahidi pekee wa kipindi kilichopakuliwa. Ukiona safuwima yenye 0000, 0001, 0002, hizo ni siku zilizohesabiwa kuanzia tarehe ya mwanzo, na tarehe iliyoandikwa 20240301 ni tarehe 1 Machi 2024, ambayo Excel huichukulia kama namba ya kawaida mpaka uibadilishe.

Kabla ya hayo yote, angalia saa za eneo kwenye mipangilio. Nimekuta tovuti kadhaa za hapa kwetu zikiwa zimeachwa kwenye saa za Los Angeles, ambako siku mpya huanza wakati kwetu ni saa nne au saa tano asubuhi kutegemea majira yao, kwa hiyo mauzo ya asubuhi ya Jumatatu yanaandikwa Jumapili. Ukirekebisha kuwa saa za Dar es Salaam, mabadiliko yataanzia hapo kwenda mbele, na takwimu za nyuma zitabaki zilivyo. Vilevile usipakue ripoti tarehe 1, kwa kuwa takwimu za siku za mwisho huchukua saa 24 hadi 48 kukamilika. Mimi hupakua tarehe 4.

Sasa nije kwa wajumbe. Ripoti ipunguzwe ndani ya Google Analytics kabla ya kupakuliwa, kwa sababu kufuta safuwima kwenye Excel kila mwezi ni kazi ya kuchosha na siku moja utafuta isiyopaswa kufutwa. Ukiwa na haki ya mhariri, fungua ripoti ya vyanzo vya ziara, bofya alama ya penseli iliyo juu upande wa kulia, ondoa usivyovihitaji, kisha uihifadhi kama ripoti mpya. Usihifadhi juu ya ile ya asili, kwani utambadilishia kila mtu anayeitumia. Kwa ushirika wenu ningebakiza mambo matatu tu: chanzo kilichomleta mtu, ukurasa aliofikia kwanza, na idadi ya waliofanya tendo mnalolijali, mfano kubofya namba ya simu au kutuma fomu ya oda. Safuwima ya miji ningeiondoa kabisa. Nikiwa nyumbani Uyole, simu yangu mara nyingi huonekana iko Dar es Salaam, na sipendi bodi ya wakulima wa Iringa ifanye uamuzi wa soko kwa kutegemea mahali ambapo mtandao wa simu unapitia. Safuwima za umri na jinsia nazo, kwa tovuti yenye watu wachache, husababisha baadhi ya mistari kufichwa ili mtu asitambulike, na hapo tena jumla zitakukataa.

Safuwima ya chanzo itakuwa na maana pale tu mtakapoweka alama kwenye viungo mnavyovisambaza. Kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp bila alama huonekana sana kama mtu aliyeandika anwani yenu mwenyewe, na watu wote waliowajia kutoka WhatsApp wanapotea katika fungu hilo. Mwishoni mwa kiungo ongeza utm_source=whatsapp (chanzo) pamoja na utm_medium (aina ya njia) na utm_campaign (jina la kampeni), na kubalianeni kuandika kwa herufi ndogo daima, kwa sababu WhatsApp na whatsapp vitahesabiwa kuwa vyanzo viwili tofauti.

Lipo jambo moja ningependa ulifanye leo hii hii. Kwenye mipangilio ya utunzaji wa data, muda uliowekwa tangu mwanzo ni miezi 2, nao unaweza kuongezwa hadi miezi 14. Ripoti za kawaida haziguswi na mpangilio huo, bali zile za uchunguzi, ambazo ndizo utakazozihitaji mjumbe atakapouliza swali ambalo halikufikiriwa. Mimi najua uchungu wake. Mfumo wa zamani wa Universal Analytics, uliotangulia Google Analytics ya sasa, uliacha kupokea takwimu tarehe 1 Julai 2023, na kuanzia Julai 2024 hata za nyuma hazikuweza kufunguliwa tena. Nilikuwa nimepakua idadi ya kurasa zilizofunguliwa kwa kila mwezi, lakini bila vyanzo. Leo siwezi kumwambia mama mwenye nyumba wageni wa Kitulo wa mwaka 2019 walitupata kwa njia gani. Kama mna mtu anayefahamu hifadhidata, unganisheni BigQuery, hifadhidata ya Google, mapema, kwani hupokea takwimu kuanzia siku ya kuunganishwa na si za kabla yake. Kama hamna, Looker Studio, chombo cha Google cha kutengenezea ripoti, inatosha kabisa, na inaweza kuwatumia wajumbe PDF kwa barua pepe kwa siku mtakayoipanga.

Hatimaye, kabla ya kumtumia mtu yeyote faili, isome safuwima ya anwani za kurasa mstari kwa mstari. Fomu yetu ya zamani ilikuwa inaweka namba ya simu ya mgeni ndani ya anwani ya ukurasa wa shukrani, nami nilikuwa nikizisambaza namba hizo katika kila ripoti bila kujua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na hata kama isingekuwepo, mkulima au mnunuzi aliyetupa namba yake hakutupa ruhusa ya kuipeleka kwenye bodi. Ukimaliza kuzifuta, weka hapa mistari kumi ya kwanza ya faili yako pamoja na ile yenye alama ya reli, tuone kama tofauti iliyobaki inatokana na siku, saa za eneo au mistari iliyofichwa.