Skrini isiyoguswa: mbona inawatii walimu na kuwakataa watoto?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha katika kituo cha watoto hapa Jinja. Tuna projekta inayotoa picha ya upana wa mita tatu ukutani, na Kinect ya Xbox One, yaani kamera ya michezo inayopima umbali na kufuatilia miili, tuliyoinunua ikiwa imetumika. Kijana wetu wa kompyuta ametengeneza mchezo wa samaki wa Ziwa Victoria: unasogeza kishale kwa kupunga mkono, kisha unasukuma mkono mbele kumchagua samaki. Sisi walimu tunaweza. Watoto wa miaka 5 hadi 8 wanashindwa, na mara nyingine samaki wanajichagua wenyewe. Je, tununue kamera bora zaidi?

Jibu: Mwalimu, hizo pesa zishike kwanza. Kinect hiyo inaona kuanzia nusu mita hadi mita 4.5, na kwa kila mwili inafuatilia viungo 25. Kinachowashinda watoto ni huko kusukuma.

Mkono ukisukumwa mbele hauendi kama mshale. Unachora upinde kutoka begani, kwa hiyo kishale kinateleza na kumwacha samaki pembeni. Mtu mzima anairekebisha safari hiyo bila kujijua. Mtoto wa miaka sita bado hana utulivu huo wa mkono. Tena mwambie kijana wenu aangalie kipimo alichoweka cha umbali ambao mkono lazima usukumwe. Nashuku ni sentimita kadhaa alizozipima kwa mkono wake mwenyewe. Kama ni 35, kwa mtoto hiyo ni sehemu kubwa ya mkono mzima! Kipimo chochote kitokane na mwili wa anayecheza, kwa mfano umbali kutoka bega hadi nyonga yake. Na samaki kujichagua wenyewe kunaeleweka: mtoto anaruka, anamvuta mwenzake, anajikuna, na programu inahesabu kila tendo kuwa amri.

Ningekuwa ninyi ningekifuta kishale chenyewe. Mchoreeni mtoto kivuli chake ndani ya maji, kivuli kikimgusa ngege, ngege akimbie. Kikimgusa kamongo, ajifiche topeni. Mtoto yeyote aliyecheza na kivuli chake ukutani penye kibatari hahitaji maelezo. Faida nyingine ni kwamba mpita njia akijiona kwenye skrini anagundua papo hapo kwamba kitu hiki kinamjibu, wakati maandishi ya "punga mkono" mtoto wa miaka mitano hayasomi.

Kivuli hicho msikitoe kwenye ufuatiliaji wa viungo. Huo unaishia kwa watu sita, na watoto wenu hawaji sita. Chukueni picha ghafi ya umbali: ukumbi ukiwa mtupu hifadhini umbali wa kila nukta, halafu chochote kilicho karibu zaidi ya hapo kihesabiwe kuwa mtoto. Wa saba na wa kumi nao wataonekana, ilimradi wasizibane. Nywele nyeusi hunyonya miale ya infraredi, mwanga usioonekana ambao kamera hiyo hupimia umbali, kwa hiyo vichwa vinaweza kutoka na matundu. Programu iyazibe.

Kuna wakati mtakaotaka uchaguzi wa kweli, kama vile kumfungua sangara na kusikia habari zake. Hapo kivuli kibaki juu ya samaki kwa sekunde moja hivi, duara likijaa kumzunguka. Samaki huyo mfanyeni awe mkubwa, asimame, na mkono ukitoka kidogo duara lisianze upya. Aliye juu kabisa kwenye picha hafikiwi na mtoto wa sentimita 115, na kuinua mkono juu ya bega kunachosha haraka, hata kwa mtu mzima. Washusheni samaki.

Mambo ya ukumbi sasa. Jua lina infraredi nyingi, hivyo kamera isielekee mlango wa mchana. Projekta ining'inizwe juu, karibu na ukuta, la sivyo vivuli halisi vitagombana na vile mlivyochora. Kama ina hali ya michezo (game mode), inayopunguza ucheleweshaji wa picha, iwasheni, maana jibu likichelewa hata robo ya sekunde mtoto ataongeza fujo akidhani hajaonekana.

Picha za rangi hamzihitaji, basi msirekodi picha za watoto. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda data inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto.

Mkishabadilisha, wafungulieni watoto mlango na mwalimu yeyote asielekeze kitu. Tendo la kwanza watakalolifanya wengi wao ndilo kijana wenu alipe kazi kwenye mchezo.