Nadharia tete kwanza, fomu ya maadili baadaye

Msimu wa tasnifu ukianza, swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi wa mwaka wa mwisho ni moja: "Fomu ya maadili inajazwaje?" Nami huwarudishia swali: nadharia tete yako, yaani dai utakalolipima kwa data, inasema nini? Wengi husita. Kwao nadharia tete ni ya sura ya kwanza, na kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kamati inayowalinda washiriki wa utafiti, ni karatasi ya ofisini, ya kumalizwa upesi ili ukusanyaji wa data uanze.

Nimesimamia tasnifu, na nimesoma maombi nikiwa mjumbe wa kamati ya maadili. Kwa niliyoyaona, maombi mengi hayarudishwi kwa sababu utafiti ni wa hatari. Yanarudishwa kwa sababu mwombaji hajaamua anatafuta nini, kwa hiyo anataka kuwauliza watu kila kitu.

Chukua mfano wa mwanafunzi niliyemsimamia. Alikuja na "athari za simu kwa usingizi wa wanafunzi". Hiyo ni mada tu. Simu kwa maana ipi: saa zote za siku, au usiku peke yake? Usingizi upi: urefu wake, ubora wake, au muda mtu anaokaa kitandani kabla hajapitiwa? Tulikata na kukata hadi ikabaki sentensi moja: kadiri mwanafunzi anavyotumia simu kwa muda mrefu katika saa ya mwisho kabla ya kulala, ndivyo anavyolala muda mfupi usiku huo. Sasa kigeu huru (muda wa simu) kinaonekana, kigeu tegemezi (muda wa kulala) kinaonekana, na mwelekeo wa uhusiano umetajwa.

Neno "athari" nalo tuliliondoa. Hojaji inayojazwa mara moja haiwezi kuthibitisha kwamba simu ndiyo inayopunguza usingizi, maana huenda mtu ameishika simu kwa sababu usingizi umemkataa. Inachoweza kuonyesha ni uhusiano. Ukiandika "athari" kwenye kichwa cha tasnifu huku muundo wa utafiti wako hauwezi kuzipima, mtahini atakushika hapo hapo, na kamati pia itakuuliza.

Kipimo changu cha nadharia tete nzuri ni kumtaka mwanafunzi aandike matokeo gani yatamfanya akubali kwamba haikuthibitika. Mwanafalsafa Karl Popper alilisisitiza jambo hili tangu miaka ya 1930: dai la kisayansi ni lile linaloweza kukanushwa. "Simu inahusiana na maisha ya mwanafunzi" haikanushiki, kwa sababu tokeo lolote litaikubali. Halafu kuna "kwa sababu", sehemu ambayo wengi huiruka. Chini ya nadharia tete andika sentensi mbili au tatu za sababu, ukizitoa kwenye nadharia uliyoisoma na matokeo ya watafiti waliokutangulia. Sababu isipopatikana, rudi kwenye machapisho. Na kama unachotaka ni kuelewa watu wanavyoishi jambo fulani, kwa mahojiano ya kina, huhitaji nadharia tete hata kidogo. Andika maswali ya utafiti na uyasimamie. Inanisikitisha kuona utafiti mzuri wa mahojiano umebandikwa nadharia tete ya kulazimisha kwa kuwa tu kuna kichwa kidogo kinachoitwa hivyo kwenye mwongozo.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Hojaji yake ya awali ilikuwa na maswali kuhusu dini, kipato cha wazazi, mahusiano ya kimapenzi, na swali la 17 lililouliza kama mshiriki amewahi kufikiria kujidhuru. Nia yake ilikuwa njema, maana alikuwa amesoma kwamba usingizi na afya ya akili vinahusiana. Lakini hojaji ilikuwa ya mtandaoni, bila majina. Mtu akijibu "ndiyo" saa sita usiku, nani atajua? Nani atampigia? Mtafiti angebaki na jibu zito mkononi bila njia yoyote ya kumfikia aliyelitoa. Wapo watafiti wanaouliza swali hilo kwa haki, nao huwa na utaratibu wa msaada uliopangwa kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Yeye hakuwa nao, na nadharia tete yake haikulihitaji swali hilo. Tulipitia hojaji nzima tukiuliza: jibu hili litaingia kwenye uchambuzi upi? Swali ambalo hatukujua litaingia wapi lilitoka. Hojaji ikabaki fupi, na sehemu ya hatari na manufaa kwenye fomu ikaandikika kwa urahisi.

Kamati hazing'ang'anii mambo haya kwa ukaidi. Huko Tuskegee, Alabama, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli na bila kupewa penisilini, ingawa kufikia mwisho wa miaka ya 1940 ilikuwa ndiyo tiba inayojulikana. Ripoti ya Belmont ya 1979, iliyotokana na kashfa hiyo, iliweka misingi mitatu ambayo fomu nyingi bado zimejengwa juu yake: kuheshimu watu, kuwatendea mema, na haki katika kuchagua nani abebe mzigo wa utafiti. Hojaji ya usingizi iko mbali sana na Tuskegee. Hata hivyo swali la msingi halibadiliki: mtu huyu anakupa muda wake na siri zake, je, ni kwa faida ya nini?

Idadi ya washiriki nayo inaingia hapo hapo. "Nitahoji watu 50" si maelezo. Kwa uhusiano wa ukubwa wa kati, yaani wa 0.3 kwenye kipimo kinachoishia 1, unahitaji washiriki wapatao 85 ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuugundua kwa kiwango cha 0.05, yaani ukikubali nafasi ya asilimia 5 ya kuona uhusiano usiokuwepo. Ukilinganisha makundi mawili yanayotofautiana kwa nusu ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi data inavyotawanyika), ni takriban 64 kila kundi. Programu ya G*Power inapatikana bure na itakupigia hesabu hiyo, ila itakutaka uijue nadharia tete yako kwanza. Washiriki wakiwa wachache mno umewapotezea muda, kwa kuwa data yao haitajibu swali. Wakizidi mno umewasumbua wengine bila sababu.

Usirundike nadharia tete. Mbili au tatu zinatosha kwa shahada ya kwanza. Ukipima mambo 20 yasiyotegemeana kwa kiwango cha 0.05, nafasi ya kupata angalau "ugunduzi" mmoja wa uongo hata kama hakuna lolote la kugundua ni kama asilimia 64. Mwanafunzi aliyebanwa na muda huuchukua huo mmoja, akarudi sura ya kwanza na kuandika kana kwamba alikuwa ameutabiri. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Norbert Kerr aliandika kwa kirefu juu ya tabia hii ya kubuni nadharia tete baada ya matokeo kujulikana. Mimi huwaambia wanafunzi waitazame fomu ya maadili kama kinga yao: ina tarehe, ina nadharia tete, na inathibitisha kwamba ulisema kabla hujaona. Ukikuta jambo jipya kwenye data, liandike wazi kuwa limejitokeza na halikutabiriwa.

Kwenye maelezo kwa washiriki, si lazima uitaje nadharia tete yenyewe, kwa kuwa anayejua unachotarajia anaweza kujibu kwa kukuridhisha. "Utafiti kuhusu mazoea ya jioni na usingizi" ni kweli na inatosha, kisha mweleze zaidi mwishoni. Kumdanganya ni jambo jingine, na hilo kamati itataka ulitetee kwa kina.

Sema pia ukweli kuhusu kujitoa. Wengi hunakili "unaweza kujitoa wakati wowote" kwenye hojaji isiyo na majina. Akishawasilisha, utaijuaje karatasi yake? Andika kwamba anaweza kuacha kabla ya kuwasilisha, na baada ya hapo majibu hayatapatikana tena. Na usidhani kuondoa jina kunatosha. Ukiuliza idara, mwaka wa masomo, jinsia na umri, kwenye idara ndogo tayari umemtaja mtu.

Jihadhari na mhadhiri anayekubali kugawa hojaji darasani kwake. Mwanafunzi anayemtegemea mtu huyo kwa alama anakataaje? Bora mwaliko uje kwa njia nyingine, au mhadhiri atoke chumbani na asijue nani alijaza.

Jambo la mwisho ni muda. Kibali hakirudi nyuma: data uliyokusanya kabla ya barua ya kibali haihalalishwi na barua hiyo. Uliza mapema kama majaribio ya awali ya hojaji nayo yanahitaji kibali, maana kwenye kamati nyingi yanahitaji. Ukibadilisha swali baada ya kukubaliwa, omba marekebisho kabla ya kulitumia. Maombi yakirudi na maoni, usikae nayo wiki nzima kwa huzuni. Nakili kila oni la kamati, chini yake andika ulichobadilisha na kwenye ukurasa upi, kisha mpe msimamizi wako asome kabla hujatuma tena.