Kwa nini Klæbo anakimbia kwenye kilima badala ya kuteleza

Mangi umeuliza kama yule Mnorwei, Klæbo, mwanamichezo wa mbio za skii (zile mbao ndefu nyembamba za kuvaa miguuni kwenye theluji), anavunja sheria pale anapopanda kilima mbio wakati skii ni ya kuteleza. Havunji kitu. Mbio zile ni za mtindo wa klasiki, ambao unakataza kusukuma mguu kwa pembeni kama wale wanaoteleza kwenye barafu, ila kupanda bila kuteleza ruksa kabisa. Sasa angalia miguu yake taratibu, chini ya kiatu skii ina nta ya kushika theluji na ili ishike lazima uikandamize isimame kidogo halafu ndo uteleze, kilima kikiwa kikali kule kuteleza kunakuwa kafupi hakana faida, so yeye anaachana nako, anapiga hatua fupi za haraka haraka, ncha za skii kazitanua nje kama mtu anayepanda njia ya Kibosho mvua imenyesha, na fimbo zinaenda na mguu wa upande wa pili. Mwili mbele, magoti juu. Akifika kileleni tu anabadili, fimbo zote mbili kwa pamoja, hapo wenzake bado wanahema.

Mbona wengine hawafanyi mwanzo mwisho? Inakula pumzi balaa, na sprinti, yaani mbio fupi za skii kama hizi, ni mchujo, robo, nusu, fainali, zote siku moja, kila raundi kama dakika 3 hivi. Jamaa alibeba dhahabu ya sprinti ya mtu mmoja mmoja kwenye Olimpiki 2018 na 2022, na ya 2022 haikuwa hata klasiki.