Kombe la Enterprise ni la kampuni gani?

SWALI: Shikamoo mzee. Hili Kombe la Enterprise la raga linadhaminiwa na kampuni gani? Na lina tofauti gani na Kenya Cup? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jina hilo si la kampuni. Enterprise ilikuwa manowari ya Uingereza, ile ile iliyomchukua mwanamfalme Edward kutoka Dar es Salaam mwaka 1928 alipopata habari kwamba baba yake, Mfalme George wa Tano, yu mahututi. Mabaharia wake ndio waliotoa kombe, likaanza kushindaniwa 1930. Enzi hizo raga hapa ilikuwa ya Wazungu. Ndiyo maana naienzi sana Mwamba, klabu iliyoanzishwa na wachezaji Waafrika mwaka 1977.

Kenya Cup ni ligi: ukipoteza leo, Jumamosi ijayo unatafuta pointi kwingine. Enterprise ni mtoano, na klabu za Uganda na Tanzania nazo zimeshiriki. Mimi naipenda zaidi hii. Simama karibu na mstari wa chaki pale uwanja wa RFUEA (chama cha raga cha Afrika Mashariki), Ngong Road, Nairobi, timu ndogo ikiongoza kwa pointi mbili na skramu, pale washambuliaji wa timu zote mbili wanaposukumana bega kwa bega kugombea mpira, iko mita tano kutoka mstari wake wa goli. Utasikia mabega yakigongana, na benchi zima limesimama.