Mleta mada, Ijumaa usiende kukatwa huo uvimbe

Mkuu, ghairi hiyo Ijumaa. Wapigie sasa hivi uwaambie huendi, kisha urudi hapa usome.

Umeandika kwamba una uvimbe ndani ya mkono wa juu, karibu na kwapa, umekaa miaka mitatu ukikua polepole, hauumi, ila ukiugonga unapigwa shoti mpaka vidoleni. Kliniki ya mtaani kwenu wamekuambia ni kinyama cha mafuta, wanakitoa kwa ganzi na baada ya nusu saa unarudi nyumbani. Unauliza gharama, bima, siku za kukaa bila kazi, kovu, na dawa ya kupaka aliyokutajia shemeji yako. Mimi nakujibu jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu usipolijua hayo mengine yote hayatakuwa na maana: uvimbe unaopiga shoti haukatwi mpaka ujulikane umeota kwenye mshipa gani wa fahamu, na anayeukata awe mtu anayeijua mishipa ya fahamu. Basi.

Mafuta yenyewe hayapigi shoti. Kinyama cha mafuta ni laini, ukikisukuma kinateleza kila upande, na ukikigonga kinakaa kimya. Uvimbe ukigongwa na umeme ukakimbia mpaka vidoleni, ama umeukandamiza mshipa wa fahamu ama umeota kwenye mshipa huohuo. Unaoota humo mara nyingi kwa watu wazima unaitwa shwanoma. Unatokana na seli zinazofunika nyuzi za mshipa, zile alizozieleza Mjerumani Theodor Schwann mwaka 1839. Si saratani. Unakua taratibu kwa miaka, na hupenda kichwani, shingoni na upande wa ndani wa mikono, kama hapo ulipo wako. Ni nadra, na hapo ndipo balaa linapoanzia: daktari wa kliniki ndogo anaona vinyama vya mafuta kila wiki, shwanoma anaweza kumaliza miaka bila kukutana nayo, kwa hiyo kila uvimbe ukiingia mlangoni kwake ni mafuta.

Jaribu hivi ukiwa umekaa. Shika uvimbe kwa vidole viwili, usukume kuelekea kushoto na kulia kwa upana wa mkono. Halafu usukume kuelekea begani na kuelekea kwenye kiwiko. Uvimbe wa mshipa huyumba pembeni lakini kwa urefu wa mkono unagoma, kwa sababu umeshikwa na mshipa wenyewe juu na chini. Ukiyumba pembeni tu, na shoti ipo, basi huhitaji ushawishi zaidi. Na usiugongegonge kila saa kuhakikisha.

Sasa nikueleze kwa nini nimepaniki hivi.

Wangu ulikuwa mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kiganja, karibu zaidi na kiganja. Mimi ni fundi simu, hapa Kariakoo, maisha yangu yote yako kwenye ncha za vidole vitatu. Nilipelekwa na maneno yaleyale uliyoambiwa wewe: mafuta, ganzi, nusu saa. Hakuna aliyenigonga uvimbe kuangalia. Shoti niliitaja mwenyewe, nikaambiwa kila uvimbe ukibonyezwa unauma.

Daktari alichoma ganzi akapasua. Alipofika kwenye uvimbe wenyewe nilipigwa shoti iliyopita kwenye ile ganzi kana kwamba haipo, ikaenda kugonga kwenye ncha ya kidole cha kati. Nikaruka kitandani. Mwili ulikuwa umesema kila kitu pale. Anayejua angeacha kisu, angeshona ngozi, angeniandikia rufaa, na leo ningekuwa na vidole vyangu. Yeye alisema ganzi haijakolea, akaongeza sindano. Baada ya ile sindano ya pili sikusikia kitu tena, akaendelea kwa raha zake. Akasema umeshikilia juu na chini. Akakata juu. Akakata chini. Ukatoka mzima, akanionyesha kwenye kibakuli cha chuma: wa manjano iliyopauka, unang'aa, mlaini, na kila mwisho unaning'inia kijiuzi cheupe kinene. Akaniambia hiyo ndiyo mizizi yake, imetoka yote, hautarudi tena.

Mkuu, ile haikuwa mizizi. Ule ulikuwa mshipa wangu wa fahamu, ule wa katikati ya mkono, unaoleta hisia kwenye dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na unaoliwezesha dole gumba kugeuka likutane na vidole vingine. Ameukata sehemu mbili mbele ya macho yangu akanipongeza. Kinyama chenyewe hakikwenda maabara, kilitupwa.

Jioni vidole vilikuwa bado vimekufa. Nikaambiwa ganzi inachelewa kutoka kwa baadhi ya watu. Wiki iliyofuata nikaambiwa mshipa umeshtuka tu, nikaandikiwa sindano za vitamini B. Duka la dawa wakaniongezea vidonge vingine vya mishipa. Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, kuliko hata pale kwenye kisu. Kukosea unaweza kukosea, uvimbe ni nadra, nakubali. Lakini mtu amekutoka mikononi na vidole vitatu havina hisia, dole gumba haligeuki, na wewe unajua ulikata kitu cheupe juu na chini, unampa vitamini! Mshipa uliokatwa unatakiwa kuunganishwa mapema, siku au wiki za mwanzo. Ukichelewa, ncha zinarudi nyuma, zinaota kovu, haziwezi tena kuvutwa zikakutana. Na hata ukiunganishwa vizuri, nyuzi mpya zinakua kwa wastani wa milimita moja kwa siku. Piga hesabu kutoka karibu na kwapa, ulipo wewe, mpaka kwenye kiganja: ni zaidi ya mwaka. Misuli midogo ya kiganja haingoji muda wote huo. Ikikaa mwaka na zaidi bila mshipa inasinyaa na hairudi. Kwa hiyo wewe kwapani una hatari kubwa kuliko niliyokuwa nayo mimi, nielewe hapo.

Nilipofika hospitali ya rufaa daktari bingwa hakuhitaji hata dakika tano. Alinigusa vidole kwa ncha ya karatasi nikiwa nimefumba macho, akaniambia nilete dole gumba likutane na kidole kidogo, likashindwa. Akauliza tu: majibu ya maabara ya kilichotolewa yako wapi? Ikabidi wachukue kipande cha mshipa kutoka nyuma ya mguu, kwenye shavu la mguu, wakashonee pale palipokatwa. Upande wa nje wa unyayo wangu sasa nao hauna hisia, ndiyo bei ya hicho kipande. Vidoleni hisia imerudi kiasi. Moto na baridi najua. Lakini skrubu ya simu ikiwa kati ya dole gumba na kidole cha shahada, nikigeuza macho pembeni sijui kama bado ipo au imedondoka. Kazi zote za bodi anafanya kijana wangu, mimi nabadilisha vioo na betri.

Kinachoniuma ni kwamba shwanoma ni katika vivimbe vinavyotoka vizuri mno. Yule bingwa alinichorea kwenye karatasi. Uvimbe una ganda lake, umekaa upande mmoja wa mshipa, na nyuzi zinazofanya kazi zimesukumwa pembeni zikatandazwa juu ya ganda. Anayejua anapasua ngozi kwa urefu, anautafuta kwanza mshipa ulio mzima juu ya uvimbe na chini yake, ndipo anausogelea uvimbe. Anavaa miwani ya kukuza au anatumia hadubini. Anagusa ganda kwa kifaa kidogo cha umeme: vidole vikiruka, hapo pana nyuzi, hapaguswi, vikitulia, hapo ndipo anapasua ganda, tena kwa urefu wa mshipa, si kukingama. Halafu uvimbe unachomoka wenyewe kama kokwa ya parachichi lililoiva, mshipa unabaki. Mara nyingi kuna uzi mmoja mwembamba tu unaoingia kwenye uvimbe na ambao haufanyi kazi tena. Huo ndio unaokatwa. Na wa nusu kaputi naye lazima aambiwe mapema, kwa sababu akikupa dawa ya kulegeza misuli ya muda mrefu kile kifaa cha umeme hakitaonyesha kitu.

Sikudanganyi kwamba hata kwa bingwa hakuna hatari. Ganzi ya muda baada ya upasuaji ni kawaida, huisha kwa wiki au miezi, na wachache hubaki na upungufu. Lakini hiyo si sawa na kukatiwa mshipa juu na chini.

Kabla ya hapo, picha. Anza na utrasaundi, ila usiende tu ukalala ukapimwa. Mwambie mpimaji kwa mdomo wako: uvimbe huu unapiga shoti, naomba ufuatilie kama kuna mshipa unaingia na kutoka. Shwanoma kwenye utrasaundi ni nyeusi, ya mviringo, na akisoma haraka anaweza kuandika kwamba ni mfuko wa maji. MRI ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi: uvimbe umekaa kwenye njia ya mshipa, una mkia kila upande. Ni ghali, najua. Upasuaji wa kuunganisha mshipa, fiziotherapia ya miezi na mikono isiyofanya kazi ni ghali zaidi, hilo nalijua kwa mfuko wangu.

Akitokea wa kukwambia achomeke sindano kwanza avute kinyama cha kupima, muulize picha imeonyesha nini. Kama picha inaonyesha wazi ni uvimbe wa mshipa usio na dalili mbaya, sindano mara nyingi haina faida: inauma kupita kiasi, inaweza kujeruhi nyuzi, na kovu lake linafanya uvimbe ugande kwenye mshipa usichomoke kirahisi baadaye. Ila kama uvimbe umeanza kukua kwa kasi, unauma usiku ukiwa umelala tu, au mkono unaishiwa nguvu, hapo usisubiri, maana iko aina mbaya, na kupima kinyama kunapangwa na timu itakayokuja kufanya upasuaji wenyewe.

Jikague na ngozi pia. Madoa ya rangi ya kahawa ya maziwa, sita au zaidi, kila moja zaidi ya milimita 15 kwa mtu mzima, au vinundu vingi laini mwilini, au mzazi mwenye hali hiyo: mwambie daktari. Huo ni ugonjwa wa kurithi, ingawa karibu nusu ya wanaoupata ni wa kwanza kwenye familia zao. Wenye hali hiyo hupata nyurofibroma, ambayo nyuzi za mshipa zinapita katikati ya uvimbe wenyewe, kwa hiyo kuitoa ni kazi nyingine kabisa, na uwezekano wa kugeuka saratani ni mkubwa kuliko kwa shwanoma ya peke yake.

Na huna haraka! Miaka mitatu umekaa nao. Shwanoma ndogo isiyosumbua wapo wanaoachiwa, wanapigwa picha kila baada ya muda kuangalia kama inakua. Anayekuharakisha Ijumaa anakuharakisha kwa sababu zake.

Dawa ya kupaka ya shemeji haifiki huko. Gharama na bima wadau wengine watakusaidia.

Omba rufaa. Ukiwa Dar, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wana mabingwa wa mishipa ya fahamu. Mikoani anza na hospitali ya rufaa ya kanda, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza au ile ya Mbeya kutegemea ulipo, ueleze shoti tangu dirisha la kwanza ili upelekwe kliniki inayohusika. Ukikutana na daktari muulize maswali mawili bila aibu: umeshatoa vivimbe vya mshipa wa fahamu? Na kinyama kitakwenda maabara? Kama la pili linamkasirisha, ondoka. Maabara ndiyo itakayosema ni shwanoma, ni nyurofibroma, au ni kitu kingine cha kufuatiliwa.

Rudi utujibu hapa: shoti inaishia vidole gani? Kidole kidogo na cha pete ni mshipa mmoja, dole gumba mpaka cha kati ni mwingine, na nyuma ya kiganja upande wa dole gumba ni wa tatu. Hapo kwapani miwili ya kwanza inapita karibukaribu, pamoja na mshipa mkubwa wa damu wa mkono. Andika vidole vyako kwenye karatasi na uende nayo kwa bingwa. Na niambie kama umeshawapigia wale wa Ijumaa.